Kinga ya mashindano mu Lubumbashi: juma kumi za kutafuta fasi ya kukaa

2/6/2024, siku ya Mungu

Naanza kuandika leo juu nimechoka kusahau. Mwezi mbili sasa niko na hii kinga, ni kusema baiskeli, ya mashindano, Peugeot ya zamani ya chuma, okazyo (ilishatumikaka) yenye ilikuja mu kontena, rangi ya bluu, bado muzuri kabisa, na kila siku ya Mungu najiambia leo itaenda, kisha nikifika kilometa ya 25 mukono ya kushoto unakufa ganzi. Kidole kidogo ya mwisho na ile inaifuata, zote mbili, sawa vile nimezilalia usiku muzima. Shingo nayo inakauka. Na nyuma ya goti ya kuume kuna kitu kinavuta sawa kamba.

Leo nilienda Kipushi, karibu kilometa 30 kwenda na 30 kurudia. Asubuyi baridi ile ya kipwa, barabara safi, malori bado kidogo, miguu ilikuwa na nguvu, kila kitu kilikuwa cha kunifurahisha. Kurudi nilisimama mara nne juu ya kukung'uta mukono tu. Mara nne! Hapo njo nilikata shauri: kinga hii siiuzishe, naipanga kwa mwili yangu, na kila kitu nitabadilisha nakiandika hapa na tarehe yake, juu mbele ya leo nilikuwa napandisha hiki, nashusha kile, kisha sijui tena nini ilisaidia na nini iliharibu.

Bipimo bya leo, mbele ya kugusa kitu chochote. Toka katikati ya akse ya manivele, ile mikono ya chuma yenye inabeba pedali, mpaka juu ya sele, kile kikalio, sentimetre 73.5. Toka pua ya sele mpaka katikati ya gidoni, ule usukani, sentimetre 53. Sele inapita gidoni kwa urefu, sentimetre 9. Potansi, ile shingo yenye inakamata gidoni, iko ya milimetre 110. Manivele milimetre 170. Kadre, ile mwili ya bomba za chuma, 56, na mi niko mutu wa metre 1 na 71, kwa hiyo kadre ni kubwa kidogo kwangu, hiyo naijua, haibadilishwe. Zingine zote zinabadilishwa.

8/6

Sele kwanza. Nimesoma mingi juma hii na batu bote bale benye kujua banaanzia ku urefu ya sele, juu ukigusa gidoni mbele sele haijakaa fasi yake, utapashwa kurudilia kazi yote.

Nilipima muguu ndani: miguu bila viatu, mugongo ku ukuta, kitabu kinene katikati ya miguu unakipandisha mpaka kinagusa mufupa sawa vile ungekalia sele, kisha mama watoto anatia alama ya kreyon ku ukuta. Tulipima mara tatu, ikatoka 80, 79.5, 80. Nabeba 80. Kuna hesabu moja yenye Greg LeMond, ule Mumarekani alishinda Tour de France mu 1986, 1989 na 1990, aliitangaza, yeye aliipata kwa kocha yake Mufaransa Cyrille Guimard: unabeba urefu ya muguu ndani, unazidisha na 0.883, unapata urefu toka akse ya manivele mpaka juu ya sele. Kwangu 80 mara 0.883 ni 70.6. Na mi niko natembea na 73.5! Karibu sentimetre 3 za kuzidi. Njo maana kiuno kilikuwa kinayumba kushoto kuume kila muguu inashuka, nilikuwa natafuta pedali na bidole.

Lakini hesabu ni hesabu, mwili ni mwili, nikaenda kwa papa mumoja wa ku avenue yetu. Papa huyu alisukuma makala ku kinga miaka mingi sana, toka kule ku barabara ya Kasenga mpaka mu Lubumbashi, sasa amezeeka anatengenezaka kinga za batu chini ya mwembe. Nikamuonyesha karatasi yangu. Hakuiangalia. Aliniambia, "Panda, mutoto yangu, egemea ku mwembe. Weka kisigino ku pedali, apana bidole, kisigino. Sukuma nyuma mpaka pedali inafika chini kabisa." Nikafanya. Kisigino hakikufika bila kiuno kushuka upande. "Umeona? Sele inakushinda." Kwake, kisigino kikiwa ku pedali, pedali chini, muguu unapashwa kunyooka kabisa na kiuno inabaki fasi yake, basi. Ukirudisha muguu fasi yake ya kawaida, goti linabaki limekunjika kidogo, na hiyo kidogo njo inatakiwa.

Nilishusha kwa hatua, sentimetre moja leo, na kesho nyingine, juu misuli ilizoea urefu ile na ukiipokonya yote siku moja italia ku fasi ingine. 73.5, kisha 72.5, kisha 71.5, na mwisho 70.8 fasi yenye kisigino na hesabu vilikubaliana karibu kabisa. Nilimuambia papa kama hesabu ya Bazungu na kisigino yake bimetoa jibu moja, akasema tu, "Ni vizuri."

13/6

Kilometa 40 asubuyi mbele ya kazi, siku mbili tofauti. Nyuma ya goti: kimya. Kiuno: kimetulia, rafiki yangu alifuata nyuma na moto (pikipiki) akaangalia, akasema sasa nakaa sawa mutu mwenye kukaa ku kiti. Mukono: bado. Bidole bile bile mbili, kilometa ile ile.

16/6

Leo naandika kosa juu lilinikula pesa. Mukono unakufa ganzi, kwa hiyo niliwaza shida iko ku gidoni, si ni kule mukono inagusa? Nilinunua bande nene ya gidoni, chini yake nikatandika shambaleri, ule mupira wa ndani, ya moto nilikata bipande, nikavaa na gan za mikono zenye sponji. Gidoni ikawa nene sawa mukono wa mutoto. Matokeo: ganzi ilitoka kilometa ya 25 ikaenda kilometa ya 30. Ni hiyo tu.

Muuzaji mumoja wa bipuri alitaka kabisa niuze sele yangu kwake na nibebe ile pana yenye jeli, eti mutu akiumia ku kinga ni sele tu. Mbele ya kutoa pesa nilifanya kitu kimoja nilikuwa nimesoma: unabeba kartoni ya mabati-mabati, ile ya sanduku, unaiweka ku kiti ya mbao kigumu, unakaa, unainua bisigino kidogo, unaegemea mbele, kisha unaondoka unatafuta mashimo mbili yenye mifupa ya kukalia iliacha. Zangu ziko sentimetre 11 na nusu toka katikati mpaka katikati. Sele yangu ku fasi ya upana iko na 13 na nusu. Banasemaka inatosha ikizidi mifupa kwa sentimetre 2 hivi, kwa hiyo sele yangu ni ya kipimo changu, haina kosa. Pesa ikabaki mu mufuko.

23/6

Leo nimeelewa, na nataka niiandike polepole.

Tangu mwanzo nilikuwa naangalia mukono. Lakini mukono unabebaka uzito yenye haupashwe kubeba, na uzito hiyo inatoka wapi? Inatoka ku kiuno. Ukikaa ku sele mbele sana, mwili yako ya juu inaanguka mbele, na kitu cha kuizuia ni mikono tu. Ukikaa nyuma kidogo, matako na miguu binabalansi mwili, sawa vile mutu anainama kubeba ndoo: matako inaenda nyuma yenyewe, usipoipeleka nyuma unaanguka na uso. Kuna mushipa unapitaka mu kiganja upande wa kidole kidogo, ukiukandamiza saa nzima, kidole ya mwisho na jirani yake binalala. Njo bile bidole byangu. Si bande, si gan.

Kuna pia kitu nilikuwa sijafikiria nilipokuwa nashusha sele. Bomba yenye sele inaingia haisimame wima, imelala nyuma, karibu digri 73. Sele ikishuka sentimetre 3 inakuja mbele karibu moja. Kwa hiyo mi nilishusha 2.7 nikaponya goti, na wakati ule ule nilijisukuma mbele milimetre 8 juu ya mikono bila kujua. Dawa moja ilizaa ugonjwa mwingine, njo maana ganzi haikutoka.

Nilienda kuomba fil a plo kwa yaya mason wa jirani, kaka mwenye kujenga manyumba, ile kamba yake yenye uzito ya shaba. Unaegemea ukuta, manivele unazilaza sawa na udongo, muguu wa mbele ku pedali vile unatembeaka, kisha mutu mwingine anaachilia uzi toka mbele ya goti, chini kidogo ya kijiwe. Banasemaka uzi upite ku akse ya pedali. Yaya mason alikamata uzi na ile utulivu ya kazi yake, hakuna mukono ulitetemeka, akasema, "Mudogo, uko mbele. Bidole mbili nzima." Tukapima na metre: sentimetre 2 mbele ya akse.

Sasa hii kipimo ya goti na pedali si sheria. Keith Bontrager, Mumarekani mwenye kutengeneza baiskeli, alieleza zamani kama uzi ule hauna sababu yoyote mu mwili ya mutu, ni bahati tu inaangukiaka karibu na fasi nzuri kwa batu mingi, na kitu cha kweli ni balansi ya uzito. Na mi naona eko na haki. Lakini mutu lazima aanzie fasi fulani, na uzi unaniambia kitu kimoja tu: niko mbele sana, apana nyuma sana.

Nikaangalia chini ya sele. Muuzaji wa kwanza alikuwa amefunga kalipa, ile chuma yenye inakamata reli za sele, ikiangalia nyuma-mbele, imegeuzwa, na sele imesukumwa mpaka mwisho mbele. Nafikiri alikuwa mutu mufupi. Niligeuza kalipa, nikasukuma sele nyuma sentimetre 1 na nusu. Nikapima urefu tena: 71.2! Sikugusa bomba, lakini kurudi nyuma peke yake kuliongeza milimetre 4. Nikashusha milimetre 4, ikarudi 70.8. Pua ya sele ilikuwa inaangalia chini, nikaiweka sawa na nivo ya yaya mason, ile chombo ya kuonyesha usawa, kibubble katikati. Pua ikishuka unateleza mbele, na ukiteleza mbele unajisukuma nyuma na nini? Na mikono tena.

Jaribio moja la kujua balansi, kila mutu anaweza kulifanya: uko natembea kwa nguvu ya kawaida, mikono juu ya kokoti za freni, bile bishikio bya mupira, unaiinua kidogo tu juu ya mupira, kidole mbili hivi. Kama mugongo inabaki fasi yake, uko sawa. Kama unaanguka mbele, mikono ilikuwa inabeba. Mbele ya leo nilikuwa naanguka. Leo jioni ku barabara ya Kasapa nilihesabu mpaka kumi na mwili ulibaki. Nililia kidogo, naandika kweli.

30/6

Siku ya Uhuru, ku muji muziki kila fasi, mi na Kipushi tena. Kilometa 25, bidole bihai. Kilometa 30, bihai. Kurudia, karibu kilometa ya 45, ganzi ilikuja fasi yenye sikuitegemea, mbele kati ya miguu, mu sehemu ya siri. Hiyo inatisha mwanaume yeyote. Nilisimama, nikatembea na miguu dakika kumi, ikatoka.

Jambo la kwanza lenye nilifikiria: kusukuma sele nyuma njo kumeleta hii, nirudishe. Na ningerudisha kama singekuwa na hii shajara. Lakini nilikuwa nimeandika "pua sawa, kibubble katikati". Kufika nyumbani mbele ya kuoga nikaweka nivo. Pua imepanda! Kibubble kimekimbia kabisa. Sikuigusa mi. Nilifungua kalipa: yale meno madogo-madogo ya ndani yenye yanaumana ili sele isigeuke, yamelika, yamekuwa sawa udongo laini. Kila dodane (tuta ya barabara), kila shimo, matako yangu yanasukuma nyuma ya sele chini, na pua inapanda jino moja. Zamani sele ikiwa mbele uzito ulikuwa unaivuta kinyume, pua ikawa inashuka, njo maana niliikuta chini mara ya kwanza. Kwa hiyo miezi hii yote nilikuwa napanga kitu chenye hakikai. Nilipima asubuyi, na saa sita haikuwa tena kinga ile nilipima.

Kama wewe unasoma hii na bipimo byako binabadilika bila sababu, mbele ya kuwaza mwili yako ni mubaya, angalia boloni na meno.

6/7

Kalipa mupya, soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, 3000 falanga. Nilikuwa naogopa Peugeot ya Ufaransa itadai kipuri cha Ufaransa, kumbe ncha ya juu ya bomba ya sele ni kipimo kile kile cha hizi kinga za kawaida, zile za makala, kwa hiyo kila muuzaji anazo. Nilichagua yenye meno makali, nikapitisha kidole, nikakaza pande zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, apana moja yote kisha ingine. Mama watoto alinipa verni yake nyekundu ya kucha nikachora mustari kupita kalipa mpaka ku bomba, na mwingine ku bomba ya sele fasi inaingilia mu kadre. Kitu kikisogea, mustari unakatika, nakiona bila kupima. Verni yake ni ya muzuri, naomba asiimalizie.

7/7

Kilometa 62. Mustari haukukatika. Bidole bihai. Sehemu ya siri, hakuna kitu. Shingo njo imebaki, na mabega. Sasa, kwa mara ya kwanza, naweza kusema gidoni iko na shida ya kwake mwenyewe, juu ya kusukuma sele nyuma nimeirefusha njia: toka pua mpaka gidoni sasa ni 53.7. Mikono imenyooka sawa fimbo, kiwiko hakikunjike, na kila shimo inapandaka moja kwa moja mpaka mu shingo.

14/7

Kazi kubwa ya mradi, siku nzima kwa papa chini ya mwembe.

Potansi za hizi kinga za zamani si kama za sasa. Za sasa zinabana bomba ya furshe, ile uma yenye inakamata tairi ya mbele, kwa nje, urefu unabadilisha na pete. Ya zamani inaingia ndani ya bomba sawa muguu mu buti, na chini kuna kabari yenye inavutwa na boloni ndefu. Unafungua boloni ya juu na kle alen (ufunguo ya pembe sita) ya 6, unazungusha mara tatu nne, apana kuitoa, kisha unaweka kibao juu ya kichwa ya boloni na unagonga na nyundo. Tak. Kabari inaachia, potansi inapanda na kushuka. Yangu ilikuwa imekauka, papa alimwanga mafuta toka jana yake, na bado tuligonga mara nyingi.

Kuna mustari umechorwa ku potansi, chini, wa kuonyesha fasi ya mwisho. Ukiuona juu ya kadre, umepita. Papa ananiambia, "Hii hauivuke hata kama shingo inalia, juu ikivunjika gidoni inabaki mu mikono na wewe unaenda." Nilikuwa na nafasi ya sentimetre 2 tu mbele ya mustari. Nikazibeba zote mbili. Sele inapita gidoni sasa na 4, ilikuwa 6.

Urefu, nilitaka fupi. Nilipata potansi ya 90 pamoja na gidoni yake, zote zilitoka ku kinga moja yenye ilikufa, dola 15. Nilizibeba zote mbili kusudi zisigombane: gidoni za Bafaransa za zamani katikati ziko na 25 milimetre na za bengine ziko na zaidi, ukichanganya gidoni haikamatwe vizuri na inageukaka mu mikono. Lakini shingo ya potansi ilikataa kuingia mu kadre. Inaingia kidogo, inakwama. Papa akasukuma, akaniangalia. Nikaenda kuomba piyakulisi, chombo ya kupima unene, kwa jirani mwenye anafanyaka kazi mu atelye ya mekanike. Ya zamani: 22.0. Hii mupya: 22.2. Mbili ya kumi ya milimetre! Bafaransa zamani balikuwa na kipimo chao peke yao, 22, dunia ingine 22.2.

Dawa ni papiyesabule, ile karatasi ya kusugulia chuma. Ya 120 kwanza, unazungusha mukono sawa unasugua sufuria, kisha 400 ya kulainisha, na kila dakika tano unapima fasi nne, juu ukila upande mumoja zaidi inacheza mu bomba. Kabari haiguswe. Saa moja na nusu. Mikono yangu ilikuwa meusi sawa ya muuza makala, na papa alikuwa anakula bukari yake na kapenta ananiangalia, mara moja moja anasema "bado". Mwisho iliingia na graisi, ikashuka yenyewe kwa uzito wake, bila kuyumba. Nimefanya kazi mingi mu maisha, hii ilinipa furaha ya pekee.

Kisha kokoti. Ku gidoni ya zamani freni zilifungwa chini sana, kiganja kilikuwa kinateremka mbele. Nilizipandisha mpaka mukono toka kiwiko unaenda sawa bila kifundo kukunjika. Hii ilikuwa milimetre 10 tu ku mupindo ya gidoni na naona inasaidia sawa potansi nzima.

Pua ya sele mpaka gidoni: 51.7.

21/7

Pinye, ni kusema tairi. Nilitoa za upana ya milimetre 23 nikaweka za 28, kadre ina nafasi. Zamani nilikuwa napompa bar 8 juu banasemaka ngumu njo inakimbia. Sasa 5 mbele, 5.5 nyuma, na mi niko na kilo 68. Barabara ile ile, na mashimo yale yale, sasa nayasikia kama habari ya mbali. Sina mingi ya kuongeza.

28/7

Muguu ya kushoto, bidole bya juu bilianza kulala karibu kilometa 50. Nilicheka si mukono tena. Ilikuwa mukanda ya kalepye, ile yenye inafunga kiatu ku pedali, nilikaza sana ku mulima mudogo nikasahau kuregeza. Kuregeza, imeisha. Nilisogeza pia kiatu kusudi ile fasi pana ya nyuma ya bidole ikae juu ya akse, mbele yake ilikuwa bidole vyenyewe njo vinasukuma.

11/8

Likasi. Karibu kilometa 120, njia moja, nilirudi na bisi, kinga juu ya paa imefungwa na makamba na kikwembe chini ya kadre.

Nilitoka saa kumi na moja asubuyi giza bado, na taa. Baridi ya kukata masikio. Barabara ya Likasi si ya kuchezea, malori ya mine (migodi) yanapita na upepo wao unakusukuma pembeni, unapashwa kutembea na masikio wazi, na hapo nilijua kitu kingine chenye sikukifikiria wakati wote wa kupima: mutu mwenye hana maumivu anaangalia barabara. Zamani nilikuwa naangalia mukono wangu. Sasa nilikuwa nasikia lori toka mbali, nageuza kichwa na shingo inageuka, natoka pembeni mapema, naruka shimo mbele ya kulifikia. Nilipita batu ba makala, balikuwa banasukuma, mifuko inapita kichwa, tukasalimiana. Mumoja aliangalia sele yangu akauliza inauzaka ngapi, nikamuambia kalipa yake na yangu ni moja. Alifurahi kweli.

Kilometa 60 nilikula ndizi na karanga, nikachunguza mwili sawa daktari: goti, hakuna, kiuno, hakuna, shingo, imechoka lakini haiumi. Kilometa 90 kidole kidogo ya kushoto ilianza kusinzia, nikabadilisha fasi ya mikono, nikashika juu ya gidoni dakika chache, ikaamka. Nafikiri hapo ni mi mwenyewe nilikuwa nimechoka tumbo, mugongo inaanguka, mikono inabeba tena. Hiyo haiponyeshwe na kle. Itaponyeshwa na kilometa.

Likasi saa tano na kitu. Mustari ya verni mizima yote.

17/8

Bipimo bya mwisho, niliviandika ku kipande cha papiye-kola na kukibandika chini ya sele, kusudi hata nikifungua kila kitu nijue kurudisha: urefu 70.8, pua mpaka gidoni 51.7, sele inapita gidoni 4, pua sawa na nivo, pinye 5 na 5.5.

Mudogo wa rafiki yangu amepata kinga ya mashindano pia na analia mikono, alikuja na bande nene mu mufuko. Nilimuambia aiache kwanza, tuanzie ku mwembe na kisigino, siku ya posho (jumamosi) inayokuja, na yaya mason amesema atatupatia uzi.

Kesho natoa bomba ya sele yote nje nitie graisi, juu ni chuma ndani ya chuma na mvua ikianza itashikana, kisha hakuna mutu ataitoa tena. Mustari wa verni uko pale, nitarudisha fasi yake.